Siku Ng'ang'a atakapojaza fomu yako

Njia ya haraka ya kupima tovuti ya biashara haihitaji programu yoyote. Fungua fomu ya oda, kwenye kisanduku cha jina andika Ng'ang'a, bonyeza Tuma, ngoja. Ukiletewa ukurasa mweupe au maneno marefu ya kosa la hifadhidata, umeshajua mengi kuhusu aliyeijenga, hata kama rangi zimepangika na picha zinateleza vizuri.

Kinachotokea ni hiki. Fundi amechukua alichoandika mteja na kukigandisha moja kwa moja ndani ya amri ya SQL, lugha ya kuiagiza hifadhidata, kwa hiyo hifadhidata inapokea kitu kama hiki:

INSERT INTO oda (jina) VALUES ('Ng'ang'a')

Kwa hifadhidata, ritifaa (alama ya ') ya kwanza ndani ya jina ndiyo mwisho wa neno. Jina limekuwa "Ng", na "ang" inayofuata inasomwa kama amri isiyoeleweka. Mteja huyu hakuwa na nia mbaya. Ameandika jina alilopewa na wazazi wake. Lakini mlango uliofunguliwa na jina lake ndio huohuo atakaoutumia mwizi. Yeye baada ya ritifaa ataandika amri yenye maana, na hifadhidata itaitii.

Dawa yake ni moja: amri na data visafiri kila kimoja peke yake. Kwenye lugha ya PHP tumia PDO, chombo chake cha kuzungumza na hifadhidata. Andika amri yenye :jina mahali pa thamani, iandae kwa prepare, kisha thamani ipite kwenye execute. Node, Python na Laravel zote zina njia kama hiyo. Ambacho si dawa ni kuifuta ritifaa. Nimekuta tovuti nyingi zinazofanya hivyo kimyakimya, na mteja anaishia kuwa Nganga kwenye risiti wakati kitambulisho chake kinasema jingine. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa kwamba ng' na ng ni sauti mbili, na kwamba kung'oa si ngoa. Baya zaidi ni kanuni ya ukaguzi ya ^[A-Za-z ]+$, inayokubali herufi A hadi Z na nafasi tu, ambayo humwambia mtu "jina lako si sahihi". Jina la mtu lisikaguliwe herufi. Kagua kwamba halijaachwa tupu na halizidi, tuseme, herufi 100. Basi.

Kuna mtego wa pili hapo hapo. Baadhi ya simu hugeuza ritifaa iliyonyooka, U+0027 kwa namba za herufi za kompyuta, kuwa iliyopinda, U+2019. Kwa jicho ni jina lilelile, kwa kompyuta ni majina mawili, na karani akitafuta oda ya mteja haioni. Kabla ya kuhifadhi, geuza U+2018, U+2019 na U+02BC zote kuwa U+0027, katika kitendaji (function) kimoja tu, na kila fomu ya tovuti ipite hapo. Ukiinakili kanuni hiyo mahali patano, siku ya kuirekebisha utarekebisha panne.

Wakati wa kuonyesha jina kwenye ukurasa ndipo unapotumia htmlspecialchars, kitendaji cha PHP kinachogeuza alama kama ritifaa kuwa msimbo salama wa HTML. Usiitumie wakati wa kuhifadhi. Ukiitumia mara mbili, mteja atapokea risiti iliyoandikwa Ng'ang'a, na hapo hata asiyejua lolote kuhusu kompyuta anagundua kwamba kuna kazi iliyolipuliwa. Na jedwali lenyewe litumie usimbaji wa herufi wa utf8mb4. Kile ambacho MySQL, programu ya hifadhidata, ilikiita utf8 tangu zamani hubeba baiti 3 tu kwa herufi, na emoji zinahitaji 4, kwa hiyo mteja akiweka kiuso cha kucheka kwenye maelezo ya oda, oda inakataliwa au maelezo yanakatwa.

Namba ya simu si namba. Ni maandishi yaliyojengwa kwa tarakimu: huijumlishi, huizidishi, na sifuri yake ya mbele ina kazi. Safu ya aina ya INT (namba kamili) huila sifuri hiyo. Na anayeandika kwa mtindo wa kimataifa, kuanzia 254 au 255, anazidi kikomo cha INT ambacho ni 2,147,483,647. MySQL ikiwa katika hali isiyo kali (non-strict) haitoi kosa. Inahifadhi kikomo chenyewe. Ukikuta jedwali ambalo wateja 60 wote wana simu 2147483647, sasa unajua kilichotokea, na unajua pia kwamba namba zao za kweli hazirudi.

Tumia VARCHAR(16), yaani maandishi yasiyozidi herufi 16, ambayo inatosha alama ya + na tarakimu 15, ukomo wa namba ya kimataifa. Kwenye HTML, kisanduku kiwe type="tel" na autocomplete="tel". Ukiweka type="number" utapata vishale vya kuongeza na kupunguza, na gurudumu la kipanya likiguswa namba inaweza kubadilika bila mtu kuona. Maandishi ya kisanduku yasipungue pikseli 16, la sivyo iPhone hukuza ukurasa mzima mtu anapogusa. Kisha kiwe na label halisi, yaani jina la kisanduku, iliyofungwa kwa for na id. Maandishi ya kijivu yaliyomo ndani ya kisanduku hayachukui nafasi ya label: hupotea mtu anapoanza kuandika, na akikatizwa na simu akirudi hajui alikuwa anajaza nini.

Kusafisha namba kunafanyika kwenye seva, hata kama umeshafanya kwenye kivinjari. Ondoa nafasi, vistari na mabano. Ikianza na 00, badilisha ziwe +. Ikianza na 0 na ina tarakimu 10, ondoa 0 na uweke msimbo wa nchi. Ikianza na 254 au 255 na ina tarakimu 12, ongeza + mbele. Iliyo na + tayari, iache ilivyo. Vinginevyo muulize mtu upya, na ujumbe useme kilichokosekana: "Namba ina tarakimu 9, tunatarajia 10" ni bora mara kumi kuliko "Kosa". Tovuti inayohudumia Kenya na Tanzania lazima iulize nchi, kwa sababu 07 ipo pande zote mbili na hakuna hesabu itakayobahatisha.

Usidai namba ianze na 07. Kenya kuna za 01, Tanzania kuna za 06. Na usikisie mtandao kwa tarakimu za mwanzo, kwani mtu anaweza kuhama mtandao akabaki na namba yake. Mkumbuke pia mtoto wa Mombasa au Unguja aliyeko Muscat, anayemwagizia mama yake unga na mafuta: namba yake ni +968 na tarakimu 8. Fomu inayomkataa huyo inamkataa mwenye pesa.

Sasa malipo, na hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko pengine popote ninapokagua kazi ya mtu. Nitachukua Daraja, API (njia ya programu kuwasiliana) ya M-Pesa ya Safaricom nchini Kenya. Seva yako inatuma ombi la STK, yaani la kumtaka mteja alipe kwenye simu yake, na simu ya mteja inaonyesha kisanduku cha PIN. Jibu la kwanza lina ResponseCode "0". Kosa kubwa kuliko yote ni kulisoma jibu hilo kama malipo. Maana yake ni kwamba ombi limepokelewa. Mteja bado hajagusa simu. Tovuti inayoandika "Asante, umelipa" hapo inagawa bidhaa bure.

Matokeo huja baadaye kwenye anwani yako ya kurudishia majibu, na lazima iwe anwani inayofikika kutoka intaneti. ResultCode 0 ni malipo yamekamilika, 1032 mteja ameghairi, 1037 simu haikupatikana au mteja hakujibu. Yakifaulu, jibu hubeba CallbackMetadata yenye kiasi na namba ya risiti. Yasipofaulu, sehemu hiyo haipo kabisa. Msimbo unaokimbilia kusoma risiti kabla ya kuangalia ResultCode huanguka kila mteja anapoghairi, na oda hubaki "inasubiri" milele. Jambo dogo linalokula saa nyingi za watu: kwenye jibu hili ResultCode huja kama namba, lakini ukiuliza hali ya malipo kwa njia ya kuuliza, huja kama maandishi. Kwenye JavaScript, === 0 itakubali moja na kukataa jingine. Igeuze kuwa namba kwanza.

Jibu linaweza kuchelewa, kurudiwa au kupotea, na uandae yote matatu. Hifadhi CheckoutRequestID, namba ya ombi hilo, mara tu ombi linapokubaliwa, uiwekee kizuizi cha upekee kwenye hifadhidata, na jibu likija mara ya pili likute oda imeshafungwa lisifanye kitu. Namba ya risiti nayo iwe ya kipekee. Kwa yaliyopotea, weka kazi ya kujirudia kila dakika chache ambayo huuliza hali ya oda zinazosubiri. Na kwa sababu yeyote anayeijua anwani hiyo anaweza kupeleka hapo jibu la uongo, usiamini kilichoingia mpaka ulinganishe: CheckoutRequestID iwe ile uliyoitoa wewe, kiasi kiwe kile cha oda, na kwa fedha nyingi uulize hali ya malipo mwenyewe kabla ya kutoa mzigo.

Bei zihifadhi kwa senti, kama namba kamili. Kompyuta ikijumlisha 0.1 na 0.2 kwa desimali za kawaida hupata 0.30000000000000004, na mhasibu wa mteja wako hatakuelewa. Daraja yenyewe hupokea shilingi kamili tu, kwa hiyo amua mapema unakadiria vipi senti, na ukadirie mara moja, kwenye jumla ya mwisho.

Kiwango cha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) nacho kisitawanywe ndani ya msimbo kama 0.16. Kenya ilikishusha hadi asilimia 14 Aprili 2020 na kukirudisha 16 Januari 2021. Aliyekiweka mahali pamoja alibadilisha mstari mmoja. Aliyekitawanya aliwinda. Na aliyekiweka mahali pamoja lakini akasahau kuhifadhi kiwango ndani ya kila ankara, ankara zake za zamani zote zilibadilika jumla siku hiyo hiyo. Kila ankara ibebe kiwango kilichotumika ilipotolewa.

Muda uhifadhi kwa UTC (saa ya kimataifa), uonyeshe kwa Africa/Nairobi au Africa/Dar_es_Salaam. Tarehe ya malipo inayorudishwa na Daraja ni tarakimu 14 zilizoshikana, bila kutaja ukanda wa saa. Ukiisoma kama UTC risiti zote zitakosea kwa saa 3. Ukurasa ukiwa wa Kiswahili, mtu wa kawaida anatarajia "saa 9:30 alasiri", si 15:30. Toa 6 kwa mzunguko wa saa 12, na uandike kipindi cha siku waziwazi. Kuandika "saa 8:00 asubuhi" huku ukimaanisha saa mbili ni kumchanganya mteja kwa makusudi. Na <html lang="sw"> isisahaulike: ikibaki "en", kisoma skrini cha asiyeona kinaweza kuyasoma maneno yako kwa lafudhi ya Kiingereza, na haeleweki hata chembe.

Picha nitazipitia haraka, maana kila mtu ameshaambiwa. Punguza upana ufikie unaoonekana, tumia umbizo la WebP, andika width na height ili ukurasa usiruke zinapopakia, weka loading="lazy" kwa zilizo chini lakini kamwe si kwa ile kubwa ya juu.

Funguo za siri za Daraja, nenosiri la hifadhidata na vya aina hiyo vikae kwenye faili la mipangilio la .env, nje ya public_html (folda inayoonekana na umma), na jina la faili hilo liwemo kwenye .gitignore (orodha ya visivyohifadhiwa) kabla hujahifadhi chochote kwenye Git, mfumo wa kutunza historia ya msimbo. Ukiteleza ukalipandisha, kulifuta kwenye toleo linalofuata hakusaidii, historia inalo. Badilisha funguo zenyewe, leo, kabla ya kusafisha historia. Manenosiri ya wateja yapite password_hash ya PHP, inayoyageuza yasisomeke, safu iwe VARCHAR(255), na MD5, njia ya zamani iliyo dhaifu, iachwe. Kwenye seva ya kazi display_errors (kuonyesha makosa) iwe Off, makosa yaende kwenye faili la kumbukumbu. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 inadai uvujaji wenye hatari kwa wahusika uripotiwe ndani ya saa 72, na Tanzania ina sheria yake ya 2022. Fomu yako ya oda inakusanya jina, simu na mahali mtu anapoishi, kwa hiyo inakuhusu. Usiulize tarehe ya kuzaliwa ya mtu anayenunua sufuria.

Kukabidhi kazi ni sehemu ya kazi. Jina la kikoa lisajiliwe kwa jina la mteja na baruapepe yake, si yako. Fundi anayelishikilia ili mteja asihame anafanya biashara ya mateka. Funguo za Daraja zitoke kwenye akaunti ya mteja. README, faili la maelekezo, iwe na kurasa mbili tu: toleo la PHP, namna ya kuwasha tovuti kwenye kompyuta tupu, majina ya vitu vyote vinavyotakiwa kwenye .env bila thamani zake, kazi zinazojirudia na muda wake, nakala rudufu zinakokaa na amri ya kuzirejesha. Amri hiyo uiendeshe mwenyewe kwenye seva nyingine kabla ya kukabidhi. Ikirejesha hifadhidata, fungua oda ya majaribio uliyoweka mwanzo na uangalie kama Ng'ang'a bado ana ritifaa zake mbili.