Kupandikiza vifaranga vya samaki si lazima kuwe kuwaokoa

Kwa zaidi ya karne moja imeaminika kwamba samaki wakipungua mtoni, dawa ni kuzalisha vifaranga kwa wingi katika vituo vya kuzalishia samaki na kuwapandikiza mtoni. Hesabu ya vifaranga hupendeza katika ripoti, lakini haisemi lolote kuhusu vinasaba vyao, yaani sifa wanazorithi kutoka kwa wazazi.

Jike mmoja huweza kutaga maelfu ya mayai, na hapo ndipo tatizo lilipo: kituo kinaweza kujaza mto kwa watoto wa wazazi wachache tu, idadi ikaongezeka huku utofauti wa vinasaba, ambao ndio akiba ya kukabili magonjwa na mabadiliko ya joto, ukipungua. Isitoshe, kifaranga anayelishwa kwenye tangi huchujwa na mazingira ya tangi, si ya mto: wanaobaki hai ni wale wanaoyafaa maisha ya tangi. Katika mto Hood, jimbo la Oregon nchini Marekani, watafiti walitumia DNA kutambua wazazi wa samaki aina ya trauti wanaohamia baharini, na mwaka 2007 wakaeleza kwamba uwezo wa samaki hao kuzaa mtoni ulishuka kwa takriban asilimia 40 kwa kila kizazi kilichokuzwa kituoni.

Hilo halimaanishi vituo vifungwe. Spishi inapokaribia kutoweka, huenda ndiyo njia pekee iliyobaki, ili mradi wazazi wawe wengi, watoke katika mto uleule, na wapandanishwe kwa kufuata vipimo vya DNA ili ndugu wasizaliane. Vipimo hivyo, ambavyo huhitaji kipande kidogo tu cha pezi, vifanyike kabla ya kupandikiza, kwa kuwa vinasaba vya wageni vikishachanganyika na vya wenyeji ni vigumu mno kuvitenganisha.