Je, wajua kwa nini mbuzi mwenye homa ya maziwa huwa wa baridi?

Mbuzi amezaa mapacha juzi na maziwa yanatoka vizuri. Asubuhi unamkuta amelala, kichwa amekigeuzia ubavuni, majani ya jana hajayagusa. Unamshika sikio: baridi kama jani lenye umande. Kipimajoto kinasoma nyuzi 37 na kitu, wakati mbuzi mzima huwa na 38.5 hadi 40. Wafugaji huuita ugonjwa huu homa ya maziwa. Sasa homa iko wapi?

Haipo. Jina lilitangulia, ujuzi ukaja baadaye. Kilichomlaza ni upungufu wa kalsiamu katika damu. Kalsiamu si ya mifupa peke yake. Ikipungua, misuli haikazi sawasawa. Miguu inalegea, tumbo linaacha kusaga, linajaa gesi, kinyesi hakitoki, moyo unapiga kwa udhaifu. Misuli ikishalala na damu ikizunguka kwa shida, joto litatoka wapi?

Kalsiamu yenyewe imekwenda kwenye ndoo. Chukua mbuzi wa kilo 50. Kalsiamu yote iliyomo katika majimaji ya damu yake kwa wakati mmoja ni kama robo gramu tu. Lita moja ya maziwa inabeba zaidi ya gramu moja, na dang'a hubeba zaidi ya hapo. Yaani kila lita unayokamua imeondoka na kalsiamu mara nne au tano ya ile iliyomo damuni, na damu inapaswa kujazwa tena papo hapo, siku nzima.

Kinachoniuma ni kwamba akiba anayo. Karibu asilimia 99 ya kalsiamu yake imo mifupani. Tezi ndogo za shingoni ndizo huifungua: zikihisi upungufu hutoa homoni inayoiamuru mifupa iachie, na figo ziiandae vitamini D ili utumbo ufyonze zaidi kutoka kwenye chakula. Lakini mitambo hiyo huchukua siku moja au mbili kuchangamka, na maziwa hayasubiri. Mbuzi aliyezaa mara ya tatu au ya nne yuko hatarini kuliko wa uzao wa kwanza, kwa sababu mifupa ya mkubwa huachia polepole.

Hapo ndipo wengi wetu hukosea kwa nia njema. Mbuzi ana mimba kubwa, tunamjazia hori lusina na desmodiamu, majani ya mikunde yenye kalsiamu tele. Tezi hazina la kufanya, zinalala, na siku ya kuzaa inazikuta usingizini. Katika wiki tatu au nne za mwisho, punguza majani ya mikunde, ongeza nyasi. Akishazaa, mrudishie kwa wingi pamoja na madini. Mwenye maziwa mengi usimkamue mpaka tone la mwisho katika siku mbili tatu za mwanzo.

Mwaka 1897 daktari wa mifugo wa Denmark aitwaye Schmidt alianza kuwatibu ng'ombe wenye ugonjwa huu kwa kutia dawa ndani ya kiwele. Baadaye ikaonekana kwamba hata hewa tupu ikijazwa kiweleni, ng'ombe husimama! Hewa ilikibana kiwele, maziwa yakaacha kutengenezwa, kalsiamu ikabaki damuni. Maelezo ya upungufu huo yalikuja mwaka 1925 kutoka kwa Dryerre na Greig wa Scotland. Leo usijaribu njia hiyo. Utamwachia mbuzi ugonjwa wa kiwele.

Mwite daktari wa mifugo mapema, maana ni suala la saa. Dawa ya maji ya kalsiamu hudungwa chini ya ngozi, au mshipani taratibu sana, kwani ikiingia mshipani kwa kasi moyo unaweza kusimama. Usimnyweshe kitu kwa chupa akiwa amelegea. Koo halimezi vizuri, kitaingia mapafuni. Dawa ikikolea utamwona anatetemeka kidogo, anacheua gesi, anakojoa, kisha anajikusanya ainuke. Mshike sikio tena: limeanza kupata moto.