Kifo cha uzazi: je, hakuna wa kuulizwa?

Wengi wanaamini kwamba mama akifa kwa kutokwa na damu baada ya kujifungua, siku zake zilikuwa zimefika na hakuna wa kuulizwa. Imani hiyo huwafariji wafiwa, na faraja ina thamani yake. Lakini kitabibu, vifo vingi vya aina hii huzuilika.

Kinga kuu ni sindano ya oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, yuniti 10, mara tu mtoto anapozaliwa. Huhifadhiwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi. Ikikaa kwenye joto hupoteza nguvu, ilhali kichupa kinaonekana vilevile: mkunga anachoma sindano, mji wa mimba haukazi, damu inaendelea. Hapo huongezwa asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kutokwa na damu, gramu 1 mshipani, ndani ya saa 3 tangu kujifungua, ikichelewa haisaidii. Katika huduma za umma, jokofu, umeme, akiba ya damu na gari la wagonjwa ni mambo ya bajeti na usimamizi. Mkunga wa zamu hawezi kuyabeba peke yake.

Uliza kituoni kama joto la jokofu huandikwa kila siku, na leja ya dawa ilisoma sifuri, yaani dawa iliisha, kwa siku ngapi. Katika ripoti za ukaguzi wa hesabu za serikali, linganisha fedha zilizotengwa na zilizofika. Familia iulize kwa maandishi kama kifo kilifanyiwa mapitio, yaani kuchunguzwa kilitokeaje. Mapitio hayalengi kuadhibu, hutafuta pengo. Ila pendekezo lisilo na mhusika wala tarehe kwa kawaida hubaki kwenye faili.