Kachori ya Rajasthan ina ganda

Ikitajwa kachori ya Rajasthan, jimbo la India, kwa Kiswahili, hakosi mtu wa kuieleza kuwa ni viazi vya kuponda vilivyochovywa kwenye unga wa dengu. Mwingine atasema ni sambusa ya mviringo. Wote wamekosea. Kachori ya huko ni donge la unga mweupe wa ngano uliosuguliwa na samli, likatiwa katikati kitu kikavu chenye viungo, likafungwa, likabonyezwa bapa, kisha likakaangwa kwa moto mdogo mpaka ganda lote likauke. Maana yake inaishia hapo. Kinachochanganya watu ni hilo ganda.

Kachori ya Mombasa, Unguja na Dar es Salaam haina haja ya maelezo marefu: kiazi, ndimu, pilipili, kotmiri, uji wa unga, mafuta ya moto, dakika chache, tayari. India wanacho chakula hicho, ila Maharashtra wanakiita batata vada, na kwingine aloo bonda. Wagujarati, ambao ni wengi miongoni mwa Wahindi waliohamia pwani yetu, wana kachori ya duara kabisa kama yetu kwa umbo, lakini yenye ganda la ngano na mara nyingi mbaazi mbichi ndani. Anayetazama umbo peke yake atazihesabu zote kuwa kitu kimoja.

Na wale wanaosema Rajasthan "wameondoa kiazi" wamepindua historia. Banarasidas, mfanyabiashara wa dini ya Jain aliyeandika maisha yake mwaka 1641, anasimulia alivyokuwa akila kachori kwa mkopo mjini Agra miezi mingi. Kiazi kilitoka Amerika, na kaskazini mwa India kilikuja kuwa chakula cha kila siku baadaye sana. Tena Wajaini wanaoshika dini yao sawasawa hawali viazi, vitunguu wala saumu hata leo. Jamii hiyo ina wafanyabiashara wengi Rajasthan, na kachori ya choroko, ambayo ladha yake inabebwa na mvuje badala ya kitunguu, inawafaa vizuri.

Sasa ganda. Kwa gramu 250 za unga weka gramu 60 hivi za samli na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Sugua kwa vidole mpaka unga ukiufumbata ushikane bila kumwagika. Usiposhikana, samli haijatosha. Ongeza maji kidogo kidogo, kama mililita 100, ukusanye donge laini bila kulikanda kwa nguvu. Ukilikanda kama la chapati, ganda litakuwa la kutafuna, na kachori ya kutafuna imeharibika. Lifunike nusu saa.

Ndani, gramu 100 za choroko zilizopasuliwa na kukobolewa, zilowekwe saa mbili au tatu, zichujwe na kusagwa ziache chengachenga. Zikaange na mvuje, shamari na giligilani zilizotwangwa, pilipili, unga wa maembe mabichi makavu, na vijiko viwili vya unga wa dengu wa kunyonya unyevu. Endelea mpaka mchanganyiko uachane na karai. Unyevu ukibaki, mvuke utapasua ganda na mafuta yataingia ndani.

Kata madonge kumi, jaza, ziba, geuza mshono chini, kisha bonyeza kwa kiganja kingo ziwe nyembamba kuliko katikati. Mafuta yawe na nyuzi 120 hivi: kipande cha unga kizame kwanza, halafu kielee juu taratibu na mapovu machache. Usiziguse mpaka zielee zenyewe. Hesabu robo saa au zaidi, ukiongeza moto kidogo mwishoni zipate rangi. Hapa ndipo wengi wetu, tuliozoea mafuta ya bajia, tunapoharibu. Mafuta yakiwa moto sana, ganda linatoa malengelenge na kuwa jekundu haraka, unafurahi, na baada ya dakika kumi limelainika kama andazi la jana. Lililokaangwa taratibu huitwa khasta, nalo hubaki kavu kwa siku kadhaa.

Ya vitunguu, pyaaz kachori ya miji ya Jodhpur na Jaipur, haikai hivyo; iliwe siku hiyohiyo. Humo kiazi kidogo huonekana kweli, kikishikanisha vitunguu tu. Mji wa Kota wanatumia urad, yaani choroko nyeusi zilizokobolewa, na mvuje mwingi unaonusa kabla hujafika dukani. Mji wa Ajmer wanaivunja kachori na kuimwagia kadhi, mchuzi wa mtindi na unga wa dengu. Mawa kachori ya Jodhpur ni tamu: ndani maziwa yaliyochemshwa mpaka yakakauka, lozi na iliki, nje shira. Raj kachori mimi nisingeihesabu humu, maana ni puri kubwa iliyovimba tupu, ikatobolewa na kujazwa mtindi, ukwaju na mengineyo baada ya kukaangwa. Jina inalo, basi iwe.

Kachori ya viazi ya kwetu iendelee kuitwa kachori; hakuna anayedai ibadilishwe. Ila ukiwa Jodhpur na hamu ikakushika ya kiazi ndani ya unga wa dengu, usiagize kachori ukalalamika umepewa kingine. Agiza mirchi bada: pilipili kubwa isiyo kali sana, imepasuliwa, imejazwa kiazi chenye viungo, ikachovywa uji wa unga wa dengu na kukaangwa. Na ukiagiza kachori, taja unataka ya dal (choroko zilizopasuliwa) au ya pyaaz (vitunguu).