Je, wajua kisanduku kimoja tu kiliwafanya madaktari waandike dawa za bei nafuu?

Mtu kichwa kikimuuma huingia duka la dawa akasema, "Nipe Panadol." Akipewa parasetamo ya kampuni nyingine, huipokea akaenda zake. Panadol ni jina la biashara. Dawa yenyewe ni parasetamo. Daktari naye ni binadamu, jina jepesi ndilo linalomganda kichwani. Kati ya Lipitor na atorvastatin, ambazo ni dawa moja ya kushusha lehemu (kolesteroli) mwilini, wewe ungekumbuka lipi saa nane mchana, foleni ya wagonjwa bado iko mlangoni?

Tofauti iko kwenye bei. Kampuni iliyovumbua dawa hulindwa na hataza, yaani haki ya kuitengeneza peke yake, kwa kawaida miaka 20 tangu iombwe. Muda ukiisha, viwanda vingine huruhusiwa kutengeneza dawa hiyohiyo: hizo ndizo jeneriki. Ni lazima vithibitishe kwamba kiambato ni kilekile na kwamba kinaingia kwenye damu kwa kiasi na kasi inayolingana na ya dawa ya kwanza. Gharama za kuivumbua hawakuzibeba wao, na wakishakuwa wengi sokoni hupigana bei. Lipitor ilipoteza ulinzi wake Marekani mwishoni mwa 2011.

Madaktari wanayajua haya. Mbona basi wengine waliendelea kuandika ile ghali? Penn Medicine, mtandao wa hospitali na kliniki za Philadelphia, Marekani, ulipata jibu kwenye kompyuta. Mwanzoni mwa 2014 ukurasa wa kuandikia dawa uliongezwa kisanduku chenye maana ya "itolewe kama ilivyoandikwa". Daktari asipokigusa, hata kama ameandika jina la biashara, cheti kinakwenda famasia kikiwa cha jeneriki. Dawa za jeneriki zilizoandikwa zilipanda kutoka asilimia 75 hivi hadi 98. Hakuna dawa iliyopigwa marufuku. Kilichohama ni usumbufu tu: sasa anayetaka dawa ghali ndiye anayebofya mara moja zaidi.

Dawa moja haikufuata mkumbo vile: levothyroxine, ya wenye upungufu wa homoni ya tezi ya thairoidi. Kipimo chake ni cha kubana, tofauti ndogo inaweza kumyumbisha mgonjwa aliyekwisha kutulia, na madaktari wengi zaidi walikitia alama kile kisanduku. Kwa maoni yangu, hapo kilifanya kazi yake sawasawa.