Ukuta wa ndani nao hubeba nyumba

Hapa Bukavu, mtu akitaka sebule pana huambiwa: bomoa ukuta wa katikati, kuta za nje ndizo zinazobeba. Si kweli. Katika nyumba nyingi za matofali, mbao za paa hukaa juu ya ukuta wa katikati, na kwenye ghorofa zege la juu huulalia. Wembamba wake, au mlio wake ukiugonga, hauthibitishi kitu. Panda darini uone kilichokaa juu yake.

Wengine husema jirani alibomoa, mwaka umepita, nyumba imesimama. Lakini ukuta ukitoka, uzito hauondoki. Huhamia kwenye matofali ya pembeni, yakashikana kwa muda, kisha nyufa za mshazari hujitokeza na milango huanza kukwama. Na hata ukuta usiobeba paa huzuia kuta ndefu za nje zisiyumbe, jambo zito sana katika mji uliotikiswa na tetemeko la 3 Februari 2008.

Ukiitaka kweli nafasi hiyo, tafadhali mwite injinia kabla ya nyundo. Yeye atakadiria boriti na nguzo zenye msingi wake, za kubeba uzito badala ya ukuta, na mafundi wataegemeza paa kwa miti imara pande zote mbili kabla tofali la kwanza halijatoka.