Mkwara haukai usoni

Jamani, vueni hiyo miwani.

Safari hii ni kijana aliyekuja barzani baada ya tarawehe, kiza kimeshatanda, kavaa miwani ya jua, kofia kaivuta mpaka kwenye nyusi na hasemi na mtu. Hata salamu kaijibu kwa kichwa. Nikamuuliza kama anaumwa macho. "Hapana, ami. Nimesoma kitabuni. Hii ndiyo sura yangu ya mezani." Kitabu cha poka anacho kwenye simu, kama walivyokuwa nacho wote waliomtangulia, na wote wameruka kurasa za hesabu wakatua pale panaposema mtu akae vipi, atazame vipi, anyamaze vipi.

Naandika hili ili atakayekuja na miwani nyengine nimtumie asome, nisirudie maneno. Sura ya mezani, yaani vile wenzako wanavyodhani unacheza, haimo usoni kwako. Imo kwenye karata ulizowahi kufunua, na kwenye kichwa cha yule aliyeziona. Kama hujafunua kitu, huna sura. Una miwani tu.

Kabla hamjaanza kuniandikia: hatuchezi pesa. Maysir, yaani kamari, imekatazwa katika Suratul Maida, aya ya 90, na mimi sina la kuongeza. Tunacheza kwa komwe za bao. Bao moja lina kete 64, za mabao mawili zinakuwa 128. Watu watano wanapata 25 kila mmoja, na tatu zinazobaki hupotea, anajua Mungu zinakokwenda. Ukimaliza zako unanyanyuka, unampisha mwengine. Hata kahawa aliyeshindwa halipi, maana mzee mmoja alitwambia kuwa hiyo nayo ni kamari iliyovaa kanzu, na hakuna aliyeweza kumjibu. Wako masheikh wasiozipenda karata hata bila dau. Kamuulize shekhe wako, usiniulize mimi.

Poka ninayoisema ni Texas Hold'em, karata mbili mkononi na tano za pamoja mezani. Nani anasema mwanzo na nani mwisho, kipi kinapiga jozi, hayo mnayajua, au mtayajua kwa usiku mmoja. Kukaa mwisho ni bora kuliko kukaa mwanzo. Twende.

Ugonjwa wa kusoma nyuso nadhani najua tumeupata wapi. Sisi tumekulia kwenye wahedi wa sitini. Mnacheza wanne, wawili kwa wawili, mwenzako kakukabili, na mnawania 61 katika alama 120. Karata zake huzioni, lakini tokea zinapogawiwa macho yako yako kwake. Akikunja paji, turufu kubwa hana. Akikohoa, anayo. Ni wizi, kila mtu anajua ni wizi, na sijaona barza isiyoufanya. Mtoto aliyelelewa hapo anakua akiamini kuwa karata zinasomwa usoni, na kwa mchezo ule hajakosea, kwa sababu uso ule unakusudia kusema. Mwenzako anataka umsome. Kwenye poka huna mwenzako. Uso uliokukabili ama haujui kuwa unatazamwa, ama unajua na unakuchezea, na wewe huwezi kupambanua mpaka uwe umeuona uso huo mara nyingi na kila mara ukaona na karata zilizokuwa nyuma yake. Nani ana subira hiyo? Mtu anaona jicho moja limepepesa, keshapata elimu.

Mwaka 1984 Mike Caro alitoa kitabu kizima juu ya ishara za wachezaji, na hicho ndicho wengi wenu mmekisoma nusu. Mhimili wake ni kwamba anayejifanya mnyonge kwa kawaida ana karata kali, na anayejitutumua hana kitu. Tena anasema mkono unaoanza kutetemeka ghafla wakati wa kuweka dau mara nyingi ni dalili ya karata kali. Vijana wangu wanaufanya kinyume: mkono umetetemeka, mzee kaogopa, mpandishie! Halafu wanashangaa komwe zimekwenda wapi. Mimi Caro namwamini kwa sehemu. Ila barza yetu ina wazee watatu ambao mikono yao inatetemeka hata wakishika kikombe, na hakuna sura ya kitabu inayosema nifanye nini na hao.

Kama bado unadhani mchezo uko usoni, fikiria mashine. Mwaka 2017 programu ya Libratus ilicheza na mabingwa wanne kule Pittsburgh, mmoja mmoja, migao 120,000, ikawashinda wote. Mwaka 2019 ikaja Pluribus, ikashinda kwenye meza ya watu sita. Hazikuwa na macho ya kumtazama mtu. Pluribus haikujishughulisha hata kubadilisha mchezo wake kwa kufuata tabia za waliokaa nayo. Ilipima tu ni mara ngapi iweke dau ikiwa nazo na mara ngapi ikiwa haina kitu mkononi, na ikashikilia hapo.

Na hapo ndipo penye hesabu mlizoziruka. Chungu, yaani komwe zilizokwishawekwa katikati ya meza, kina komwe 10, unaweka dau la 10. Anayekukabili analipa 10 ili apate 20, za chungu na zako, kwa hiyo akikufuata anahitaji kuwa sahihi theluthi moja ya mara. Basi ukiwa unapiga mkwara, yaani unaweka dau huna kitu ili yeye atupe karata zake, mara moja katika kila dau tatu za namna hiyo, kukufuata na kutupa kwake ni sawasawa. Hana pa kukushika. Ukiweka dau la 5 katika chungu hicho hicho, yeye analipa 5 ili apate 15, anahitaji robo, na mkwara wako ushuke uwe mmoja katika nne. Kwa upande wako, mkwara wa 10 kwa chungu cha 10 lazima ufaulu nusu ya mara ndipo usikutie hasara. Wa 5, theluthi inatosha. Miwani haimo katika hesabu hizo hata mahali pamoja.

Sura ya mezani inaingia baada ya hapo, na inaingia kwa mlango mmoja tu: inabadilisha ni mara ngapi watu watakufuata. Wakishaona umepiga mkwara, watakufuata zaidi, kwa hiyo acha mkwara, weka dau ukiwa nazo. Wakiona kila ulichofunua ni kitu kizito, watatupa, na sasa mkwara wako una thamani. Basi. Sura yote ni hiyo. Aliyeitumia vizuri ni Dan Harrington, bingwa wa dunia wa 1995, mtu wa kungoja karata nzuri. Katika meza ya fainali ya 2004 alipandisha dau kubwa akiwa na 6 na 2 mkononi, takataka kabisa, na wote wakatupa. Hakuwatisha kwa jicho. Walimtupia kwa sababu ya karata zote alizokuwa ameonyesha kabla ya hapo. Ubahili wote ule ukalipa kwa dakika moja, kama unataka niseme kwa mapana.

Sasa linalonikera zaidi kuliko miwani.

Mtu anasoma sura hiyo ya kitabu, anakuja barzani, anatupa karata saa nzima, halafu anapiga mkwara mkubwa, anafuatwa, ananyanyuka analalamika: "Lakini nilikuwa nimeshajenga sura ya ubahili!" Umeijenga wapi? Wewe unajua kuwa ulitupa 7 na 2, ukatupa 9 na 3, ukatupa mzungu wa nne (K) na 4, umejizuia kama mtu aliyefunga. Wenzako hawakuona hata moja. Wameona mtu anatupa, na wakati unatupa walikuwa wanazungumza bei ya mchele. Sura unayoijua wewe ni kumbukumbu yako, hawana wao. Kilichotupwa kikiwa kimefunikwa hakijengi nyumba.

Halafu kuna bahati. Kwenye Hold'em unapata jozi mkononi mara moja katika migao 17, kwa wastani. Hii haina maana kila baada ya 17 inakuja. Katika migao 20 una karibu asilimia 30 ya kutopata jozi hata moja. Katika 40 bado una kama asilimia 9. Kwa hiyo mtu mkali kabisa, anayetaka kupigana kila saa, anaweza kukaa usiku mzima akionekana bahili kwa sababu karata zimemkataa tu. Na bahili wa kweli anaweza kushushiwa jozi tatu mfululizo akaonekana mwendawazimu. Ukimpa mtu jina kwa migao 20 umempa jina la bahati yake ya usiku ule. Vitabu vinasema jambo hili kwa mstari mmoja, kisha vinaendelea na majina: bahili, mkali, mzembe. Mstari ule ndio ungepewa sura nzima.

Jengine: huna sura moja mezani. Una sura nyingi kwa idadi ya waliokaa, na baadhi yao hawana yako kabisa. Barza yetu ina ami mmoja muuza vitambaa anayecheza huku anasikiliza redio. Hajui nilichofunua mgao uliopita, hajui hata nani alishinda. Akipenda karata zake anafuata, na kauli yake ni moja: "Nalipa nione." Kumpigia mkwara mtu huyu kwa kutegemea sura yangu ni kumwandikia barua asiyejua kusoma. Kwake weka dau ukiwa nazo, kubwa, na usione haya. Kijana anayetazama kila kitu, anayehesabu, anayekumbuka, huyo ndiye mwenye sura yako, na huyo ndiye mkwara unaweza kumwondoa. Yaani kumpigia mkwara mchezaji mzuri kunafaa kuliko kumpigia mbaya. Kila nikilisema hili, mtu ananitazama kama nimekosea kusema.

Na sura ikishajulikana na wote inakugharimu. Doyle Brunson alilijua hilo kwa njia ngumu. Alichukua ubingwa wa dunia 1976 na 1977, na mara zote mbili karata zake za mwisho zilikuwa 10 na 2, jambo ambalo limewapoteza vijana wengi wanaodhani 10 na 2 ina baraka. Kitabu chake kikubwa kikafuata, kinafundisha kushambulia bila kupumzika. Baadaye alisema wazi kuwa kilimgharimu mezani, kwa sababu kila aliyekaa naye alikuwa keshakisoma, anajua dau lake si lazima liwe na kitu. Basi nawe unaposoma sura ileile ya kitabu iliyosomwa na wenzako watatu, na mkakutana meza moja kila mtu kavaa ubahili wa kitabu, nani anamdanganya nani?

Shaka zangu ni hizi.

Vitabu vyote hivi vimeandikwa kwa meza za pesa, na pesa inauma. Komwe haiumi. Nusu ya hesabu za mkwara zinategemea mtu aogope kupoteza, na sisi tunacheza na watu ambao wakimaliza komwe zao wanakwenda kunywa kahawa kwa raha. Ile kanuni ya kunyanyuka inasaidia kidogo, hasa katika masiku ya Ramadhani ambapo foleni ni ndefu na ukitoka huingii tena. Wiki nyengine, watu watatu tu wamekuja, kila mtu ni muuza vitambaa. Hapo mimi mkwara siupigi kabisa, na sijui kama huko ni kucheza poka au ni kugawa komwe.

La pili linanisumbua zaidi. Wanapozungumza sura ya mezani, wanakusudia wageni waliokutana kwenye kasino na watakaoachana asubuhi. Barzani tunajuana tokea skuli. Najua nani alikana deni, nani hajawahi kuchelewa sala, nani anapunja akipima. Mtu anakaa mezani na sura ya miaka thelathini, na migao 20 ya leo haiigusi. Sijaona kitabu kinachonifundisha kumchezea mtu niliyemjua toka utoto.

Tunaye fundi cherehani mmoja. Yeye anasema mkwara ni uongo na hasemi uongo hata kwa komwe. Akiweka dau, watu wote wanatupa, hata muuza vitambaa anazima redio na kutupa. Kwa hesabu hali yake ni mbaya: akiwa nazo hakuna anayemlipa, anaokota vyungu vidogo tu. Lakini nikitazama nani anabaki kwenye kiti mpaka tunapokunja mkeka, mara nyingi ni yeye. Nilitaka kumpigia hesabu nione ubaya wake uko wapi, nikakwama pale pale, kwa sababu sijui ni dau ngapi tulizomtupia akiwa hana kitu. Hajawahi kufunua, na hakuna mtu hapa barzani anayeona vyema kulipa ili amwone.